UZI: Kaka aliyefungua mlango. Familia ya Alou na ndugu wengine wa besiboli

Mtoto wa Seremala (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Najua humu jukwaani wengi tunakesha na mpira wa miguu, na besiboli tunaiona kwenye filamu tu. Leo naomba mnivumilie. Kuna familia moja nimeifuatilia miaka mingi, na kila nikiisoma namwona kaka yangu mkubwa.

Tarehe 15 Septemba 1963, mjini Pittsburgh, Marekani, uwanja wa Forbes Field. Timu ya San Francisco Giants inaongoza kwa mbali, na mchezo utakuja kuisha 13 kwa 5. Kwenye besiboli kuna walinzi watatu wanaokaa nyuma kabisa: kushoto, kati na kulia. Siku ile, mchezo ukielekea mwisho, wote watatu walikuwa wa tumbo moja. Felipe, Matty na Jesús. Ligi kuu ilikuwa haijawahi kuona kitu hicho.

Siku tano nyuma, tarehe 10, Jesús alicheza mechi yake ya kwanza kabisa, na katika awamu ya nane ndugu hao watatu walifuatana kupiga, mmoja baada ya mwingine. Wote watatu walitolewa! Lakini hebu fikiria mzazi anayesikiliza redio.

Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji anatupa mpira, mpigaji anamngoja na gongo. Akiupiga vizuri anakimbia kupitia vituo vitatu mpaka arudi nyumbani alipoanzia, hapo timu imepata pointi. Akikosa mara tatu, ametoka. Wakitoka watatu, gongo linahamia kwa wapinzani. Awamu ni tisa. Hayo yanatosha kwa uzi huu.

Hawa vijana walitoka Haina, jirani na Santo Domingo, Jamhuri ya Dominika. Baba yao, José Rojas, alikuwa seremala na mhunzi. Mama yao ni Virginia Alou. Felipe ndiye kifungua mimba wa mama yake, alizaliwa tarehe 12 Mei 1935. Mateo, ambaye Wamarekani walimwita Matty, akaja 1938. Jesús, 1942.

Mmeliona jina la baba? Rojas. Sasa kwa nini dunia nzima inawaita Alou? Naendelea, nashusha taratibu.

Bahari Huru

Nimetandika mkeka hapa mkuu. Hilo la jina lianze, maana baba yupo hai halafu watoto wanaitwa kwa ukoo wa mama, kwetu hapo kikao cha familia kinaitishwa.

Mtoto wa Seremala

Kikao kingeitishwa kweli, mkuu.

Kwa Kihispania mtu anabeba majina mawili: la baba linatangulia, la mama linafuata. Kijana ni Felipe Rojas Alou. Wakati anasajiliwa na Giants, aliyeandika fomu akaona neno la mwisho ndilo jina la ukoo, kama Wamarekani wanavyofanya. Felipe alikuwa mgeni, Kiingereza hana, akaona asianze safari kwa ubishi. Akabaki Alou. Wadogo zake walipomfuata nao wakaitwa Alou, ili wajulikane ni ndugu wa nani.

Mimi hili nalijua mwilini. Wakati wa kujiandikisha mtihani wa darasa la saba, aliyejaza fomu aliandika jina la babu mzaa mama kama jina langu la tatu. Hatukujua mpaka cheti kilipotoka. Hadi leo mimi na kaka yangu tuna majina tofauti kwenye karatasi, na kila ninapohitaji kuonyesha kwamba huyu ni ndugu yangu naenda kula kiapo mahakamani.

Sasa nije kwa Felipe mwenyewe. Huyu kijana hakuota besiboli. Alikuwa Chuo Kikuu cha Santo Domingo, anaelekea udaktari. Mwaka 1955 akachaguliwa kwenda Michezo ya Mataifa ya Amerika kule Mexico City, tena kwa riadha. Wakamhamishia kwenye timu ya besiboli, wakarudi na dhahabu. Kocha wa chuo, Horacio Martínez, ndiye aliyekuwa akiwatafutia Giants vipaji, akamwekea karatasi mezani. Dola 200.

Nyumbani baba alikuwa na madeni. Felipe akaweka udaktari pembeni, akasaini.

Hapo ndipo mimi huwa nasimama. Sisi mzee wetu alikuwa na karakana Keko. Alipoanguka akapooza, kaka yangu alikuwa kidato cha pili. Aliacha shule akashika randa. Ada yangu alikuwa ananiletea mkononi, noti zimekunjwa mara nne, na ukizikunjua vumbi la mbao linamwagika mezani. Mhasibu wa shule alikuwa anazipangusa kwanza ndiyo anazihesabu. Kaka yangu hakuwahi kuniambia hata siku moja kwamba ninamdai kitu au yeye ananidai.

Basi Felipe anafika Marekani 1956, wanampeleka Lake Charles, jimbo la Louisiana. Kule sheria za ubaguzi zilikuwa zinazuia weusi na weupe kucheza uwanja mmoja. Baada ya mechi chache akaondolewa, akapandishwa basi kwenda Cocoa, Florida. Mtoto wa miaka 21, lugha hana, mahali pa kula anatafuta mlango wa nyuma. Msimu huo huo akawa bingwa wa wapigaji wa ligi ile, wastani wa 0.380, maana yake katika kila mara 100 alizopiga alifanikiwa 38. Kwenye besiboli ukifika 30 unaitwa hodari.

Juni 1958 akaingia ligi kuu.

Mama Wawili

Mwanangu, hiyo ya vumbi la mbao imeniliza. Kaka yako yupo? Na hao wadogo zake Felipe, walifika kwa jina la kaka au kwa miguu yao?

Mtoto wa Seremala

Shikamoo mama. Yupo, mzima, na karakana bado ni yake.

Walifika kwa miguu yao, ila njia ilikuwa imekwanguliwa. Matty aliingia Septemba 1960, Jesús 1963. Tofauti na kaka yao, wao walipofika walikuta mtu anayejua basi lipi linapandwa wapi, chakula kipi kinaliwa wapi, na maneno gani hayajibiwi. Ndani ya Giants walikuwepo pia watu wengine wa visiwa vya Karibi, mfano Juan Marichal, Mdominika mwenzao.

Nikueleze siku moja tu. Tarehe 16 Oktoba 1962, San Francisco. World Series, yaani fainali ya ubingwa wa ligi kuu, mchezo wa saba, ndio wa mwisho. New York Yankees wanaongoza 1 kwa 0. Awamu ya tisa, Giants wanapokea gongo kwa mara ya mwisho.

Anaanza Matty, ameingizwa kupiga badala ya mrushaji. Anaugusa mpira kidogo tu ubaki karibu, anakimbia, anafika kituo cha kwanza. Sasa anakuja kaka mtu, Felipe. Kazi aliyopewa ni kama ile ile: augonge taratibu, mdogo wake asogee kituo cha pili. Anajaribu, anashindwa. Anaendelea kupiga kawaida, anakosa. Ametoka. Anayefuata naye anakosa. Wawili wametoka.

Kisha Willie Mays anapiga mpira mkali upande wa kulia. Matty anatimka. Anapita cha pili, anakata kona kuelekea cha tatu, na pale pembeni anasimama kocha ambaye kazi yake ni moja tu: kumwambia mkimbiaji aendelee au asimame. Kocha akainua mikono. Simama. Matty akasimama, akabakiza kituo kimoja tu kufika nyumbani.

Mpigaji wa mwisho, Willie McCovey, aliupiga mpira kama risasi, ukaenda moja kwa moja mikononi mwa Bobby Richardson wa Yankees. Imeisha. 1 kwa 0.

Mama, kama Felipe angefanikiwa lile gongo la taratibu, Matty angekuwa kituo cha pili na pigo la Mays lingemleta nyumbani. Felipe hakulisahau. Amelisema mwenyewe uzeeni, bila kumlaumu kocha wala mtu mwingine.

Bahari Huru

Watu wanabishana mpaka leo kuhusu ile mikono ya kocha?

Mtoto wa Seremala

Wanabishana. Uwanja ulikuwa na maji ya mvua za siku zilizotangulia, mpira ulipunguza kasi kwenye nyasi, na Roger Maris aliuwahi vizuri. Mimi naona kocha alifanya sahihi. Angempeleka, angetolewa mlangoni.

Baada ya pale ndugu walitawanyika. Felipe mwaka 1963 aliandika kwenye gazeti la michezo kuhusu haki za wachezaji wanaotoka nchi za Kihispania, jambo ambalo wengi hawakuthubutu kuligusa. Mwisho wa mwaka huo huo akauzwa kwa Braves. Matty akauzwa Pittsburgh, na huko akafufuka. Kocha Harry Walker alimpa gongo zito zaidi, akamfundisha aupige mpira chini na kuuelekeza upande wa kushoto, na Roberto Clemente akawa anamkumbusha kila siku. 1965 alikuwa na wastani wa 0.231. 1966 akamaliza na 0.342, bingwa wa wapigaji wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu.

Wa pili alikuwa nani? Felipe, 0.327. Kaka na mdogo, namba moja na namba mbili. Halijatokea tena.

Mpwani wa Tudor

Mleta uzi, shukrani. Mimi niko Mombasa, kwetu ni wavuvi, basi niruhusu niwaingize hawa wengine maana mtu akitaja ndugu watatu mimi nawaona akina DiMaggio.

Baba yao Giuseppe alitoka Sicily, kijiji cha wavuvi kiitwacho Isola delle Femmine, akahamia California kuvua. Nyumba ilikuwa na watoto tisa. Kwa baba, mtoto wa kiume ni wa chomboni, hakuna mjadala. Wakubwa wawili waliingia kwenye uvuvi. Mmoja wao, Mike, alikufa maji 1953. Sisi wa pwani tunajua nyumba ya namna hiyo inavyokuwa usiku upepo ukivuma.

Aliyefungua mlango hapa ni Vince. Aliikataa bahari akaenda kucheza besiboli, baba akiwa hataki. Alipofika kwenye timu ya San Francisco Seals, 1932, wakakosa mtu wa nafasi fulani mwisho wa msimu, akasema nina mdogo wangu nyumbani. Mdogo huyo ni Joe DiMaggio. Miaka tisa baadaye, 1941, Joe alifanikiwa kupiga angalau mara moja katika kila mechi kwa mechi 56 mfululizo, rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo. Mataji tisa ya World Series akiwa na Yankees.

Na Vince? Alicheza ligi kuu miaka kumi, akachaguliwa kwenye timu ya nyota mara mbili, lakini watu wakimkumbuka wanamkumbuka kwa mara nyingi alizokosa mpira. Mtu aliyemshika mkono Joe akamwingiza ndani!

Halafu Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, Marekani ikawaweka Waitaliano wasio raia kwenye daftari la wageni wa nchi adui. Giuseppe, baba wa mchezaji maarufu kuliko wote nchini, alikatazwa kufika kwenye gati aliloegesha chombo chake miaka yote. Kumkataza mvuvi bahari, sijui niseme nini.

Mtoto wa Seremala

Ndugu yangu wa Mombasa, umenipa kitu. Vince sikuwa nimemfikiria hivyo.

Niongeze la mdogo wao, Dom, yule wa miwani aliyecheza Boston Red Sox. Mwaka 1949 naye alikuwa na mfululizo wake, mechi 34. Tarehe 9 Agosti wanacheza na Yankees. Dom hajafanikiwa siku nzima, anapata nafasi ya mwisho, anaupiga vizuri kabisa kuelekea katikati. Anayesimama katikati ni Joe. Akaudaka. Mfululizo umekatika mikononi mwa kaka yake, na asingeweza kufanya vingine, ndiyo kazi.

Mchambuzi wa Jioni

Mimi nawapinga kidogo, kwa heshima. Mnasema mlango, mimi nasema damu. Tazama Ken Griffey na mwanawe wa jina hilo hilo. Tarehe 31 Agosti 1990 walicheza timu moja, Seattle Mariners, baba miaka 40, mtoto 20. Tarehe 14 Septemba, dhidi ya timu ya Angels, baba akapiga mpira ukavuka ukuta, mtoto akafuata, naye akauvusha, pigo kwa pigo. Au Cecil Fielder na mwanawe Prince: kila mmoja amestaafu na mapigo 319 ya kuvuka ukuta. Sawasawa, hata moja halikuzidi. Mtaniambia hiyo siyo damu?

Mtoto wa Seremala

Mkuu, hiyo ya 319 inasisimua, na damu siikatai. Ila mtoto wa Griffey alikulia kwenye vyumba vya kubadilishia nguo vya Cincinnati Reds, baba akiwa mchezaji wa timu iliyochukua ubingwa 1975 na 1976. Kila siku alikuwa anaona gongo linashikwaje. Damu inaweza kulala usingizi mtu akikulia mahali ambapo hakuna anayemwonyesha.

Mama Wawili

Na pale ambapo baba mwenyewe hakufika popote?

Kocha wa Watoto

Mama, hapo nijibu mimi. Nafundisha watoto wa shule ya msingi netiboli na mpira, na habari ya akina Molina wa Puerto Rico naibeba kila siku.

Benjamín Molina alikuwa fundi wa kiwandani. Alicheza ligi za ridhaa za kisiwani, akasifiwa sana, lakini ligi kuu hakufika. Mkabala na nyumba yake kulikuwa na uwanja. Akitoka kazini anavuka barabara na watoto. Ana wa kiume watatu: Bengie, José na Yadier. Wote watatu wakawa wadakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji amevaa kinga usoni, nafasi ngumu kuliko zote, magoti yanaisha. Wote watatu wakafika ligi kuu. Wote watatu wana pete za ubingwa wa World Series. Bengie na José walishinda pamoja na Angels 2002, na Yadier akashinda na Cardinals 2006 na 2011. Yadier alidumu timu hiyo moja kuanzia 2004 hadi 2022.

Mzee alifariki Oktoba 2008, pale pale uwanjani, akiwa na watoto wa mtaa aliokuwa akiwafundisha. Mfukoni mwake walikuta kitabu cha sheria za mchezo wa watoto na futi ya kupimia. Futi ile ni ya kupima umbali wa vituo kabla ya mazoezi. Mimi pia ninayo kwenye begi.

Bahari Huru

Wakuu, Afrika je? Au sisi tunasimulia tu ya wengine?

Mtoto wa Seremala

Ipo, tena mji ule ule wa Pittsburgh.

Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Mama yake alikuwa akifanya usafi kwenye klabu ya besiboli ya Randburg Mets, na familia ikaishi kwenye chumba ndani ya jengo la klabu. Mtoto akifungua mlango asubuhi, mbele yake uwanja. Tarehe 26 Aprili 2017 akawa wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu, akiwa na Pittsburgh Pirates. Mrushaji aliyemkabili mara ya kwanza ni Jon Lester wa Chicago Cubs, mtu mwenye mataji. Gift akampiga, akafika kituo cha kwanza. Mama yake alikuwa ameshafariki, 2013.

Na mdogo wake Victor alisajiliwa na Pirates hao hao, ligi za chini, mwaka 2016. Mnaona?

Jirani zetu Uganda nao, 2012 watoto wa Lugazi walifika Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya watoto, timu ya kwanza kutoka Afrika.

Mpwani wa Tudor

Malizia ya Felipe mkuu. Ubingwa aliupata?

Mtoto wa Seremala

Hakuupata, si kama mchezaji wala kama kocha mkuu. Matty alishinda World Series na Oakland 1972. Jesús akashinda na timu hiyo hiyo 1973 na 1974. Felipe alikuwa ameondoka Oakland mwanzoni mwa msimu wa 1971.

Mwaka 1992 akapewa timu ya Montreal Expos, Mdominika wa kwanza kuwa kocha mkuu ligi kuu. Humo timuni alimkuta mwanawe, Moisés. 1994 ndio mwaka wake: Expos walikuwa wameshinda 74 na kupoteza 40, rekodi bora kuliko timu zote. Tarehe 12 Agosti wachezaji wa ligi nzima wakagoma. Msimu ukafutwa, World Series haikuchezwa. Felipe alipewa tuzo ya kocha bora, na timu ile ikauzwa vipande vipande. Moisés aliondoka, na 1997 akachukua ubingwa na Florida Marlins.

Matty alifariki 2011, Jesús 2023.

Felipe ana mtoto mwingine, Luis, ambaye kuucheza mchezo hakufika mbali, akashika ukocha. Januari 2020 New York Mets wakamtangaza kocha mkuu, na jina analotumia ni la babu yake seremala: Luis Rojas. Alikaa misimu miwili. Mwaka 2022 akaenda Yankees, ile timu iliyowanyima baba yake na baba yake mdogo ubingwa kwa 1 kwa 0. Kazi waliyompa ni kusimama pembeni ya kituo cha tatu. Mkimbiaji akikata kona, Luis ndiye anayemwambia aendelee, au anainua mikono.